Kuti Juu ya Kisima

Bismillahi. Niinueni nikae. Hafswa, nitilie mto mgongoni, si huo mgumu, ule wa sufi. Hapo. Sasa rudisheni mlango watoto wa jirani wasije wakaingia, lakini Fumo asitoke, nimemsikia pale kizingitini akikohoa kikohozi cha mtu anayetafuta sababu ya kwenda kuvuta sigara. Kaa kitako, ndugu yangu. Wosia huu nawausia wanangu, ila nusu yake inakuhusu wewe, na sitaki uje ukausikie kwa watu ukasema Mwanalima alikusengenya.

Nisikilizeni, Abdulrahman, Hafswa. Na wewe Nuha, acha vyombo hivyo, njoo mbele. Wewe ni mke wa mwanangu, hukutoka tumboni mwangu wala hukuzaliwa visiwani, lakini leo nina maneno na wewe kuliko na hawa niliowanyonyesha. Nikinyamaza katikati msianze kunililia. Subirini. Nitakuwa navuta pumzi tu.

Vitu vyangu mnavijua, havimtaabishi kadhi. Lile sinia la shaba, sanduku la mbao, mbuzi na mwanawe, leso zangu ambazo sikuzivaa nikingoja arusi za wajukuu, hivyo vyote mtavigawa kama sheria inavyosema, na msinuniane kwa ajili ya sinia, maana limetoboka na hata mchuzi halishiki. Nyumba ya Chovai, kisiwani kwetu, paa lake wenye bunduki walilichoma, lakini kuta ni za mawe na chokaa aliyoichoma baba yangu mwenyewe, zimesimama. Kiwanja kile hakiuzwi. Akija mtu na maneno matamu mwambieni mwenyewe amekufa na amekataa.

Hayo yamekwisha. Ninalotaka kuwausia ni kisima, na kisima si mali yangu, ndiyo maana hakiingii katika mirathi. Ni amana. Mama yangu Bimkubwa alikabidhiwa na mama yake, akanikabidhi mimi, na lau ningalikuwa kwetu kwa amani ningalimsimamisha mmoja wenu mbele ya wanawake wa mji, nikampa kata mkononi, ikawa imekwisha. Lakini niko kambini nje ya Mombasa, nimelala kwenye kitanda cha kupewa, kisima kiko mbali, na yule aliyekiua yumo humu ndani ananisikiliza.

Usiinuke, Fumo. Nimesema kaa.

Nyinyi wanangu mlikijua kisima kwa kunywa tu, na mwenye kunywa hana haja ya kuuliza, basi nitawaeleza kama wanavyoelezwa wageni. Kisiwa chetu ni mwamba wa matumbawe, na chini ya mchanga wake bahari imeingia kila upande. Mvua inayonyesha huzama ikaja ikalala juu ya yale maji ya chumvi, kwa kuwa matamu ni mepesi, kama samli inavyoelea juu ya mchuzi, na utando wenyewe ni mwembamba. Kwa hiyo wazee hawakuchimba kisima kirefu. Walichimba shimo pana, wakajenga ngazi za mawe, mwanamke akashuka mpaka yalipo maji, akachuchumaa, akayaengua juujuu kwa kata ya kifuu, polepole, akitia mtungini. Ndoo haikutumbukizwa mle hata siku moja, wala kamba, kwa sababu ndoo huzama, ikizama hukoroga, na ile chumvi iliyolala chini ikishakorogwa hupanda, na ikipanda haishuki kwa haraka ya mtu. Mama alikuwa akiniambia kwa Kibajuni chake, "Kisima hichi ni mchu, mwanangu, huchoka," yaani kisima ni kama mtu. Basi bahari ikijaa bamvua, au jua la kaskazi likikaza na mvua ikiwa mbali, tulikipumzisha kama tunavyompumzisha mgonjwa.

Kazi ya mwenye kisima ilikuwa kuonja. Asubuhi, kabla mtu yeyote hajachota, unapita pembeni ya kuti la mnazi lililolazwa juu ya mdomo wa kisima, unashuka, unachota kidogo, unayashika maji kinywani umefumba macho, unayasikiliza. Yakiwa sawa, unapanda, unaliondoa kuti na kuliegemeza ukutani, na wanawake wanateremka. Yakiwa yameanza kukolea, hata kwa kiasi ambacho mwingine hakisikii, unaliacha kuti lilale na unakwenda zako nyumbani, na hapana mtu, awe tajiri wa majahazi au khatibu wa msikiti, atakayelivuka. Siku hizo tulikunywa maji ya mvua ya birika la msikiti, tukanung'unika, lakini hatukulivuka. Halikuwa na mlinzi wala kufuli. Kuti likilala watu wamejua, likisimama wamejua, na wa kuligusa ni mtu wa nyumba yetu peke yake.

Fumo ni mziwanda wetu. Mama alibakiwa na mimi na yeye tu, wengine Mungu aliwachukua wadogo. Mimi nikifundishwa kuonja, yeye alikuwa nyuma ameshika leso ya mama, na kata ikimfikia naye, kwa mchezo. Mchezo ule ukawa elimu. Nasema haki yake, ulimi wa Fumo ulikuwa mwepesi kuliko wangu, alikuwa akionja na kusema jana wamechota wengi, na kweli walikuwa wamechota wengi. Mama alicheka akashika mbavu, akamwambia, "Wewe ulitakiwa uzaliwe wa kike." Nami nilimwonea fahari. Mgongo huu ulimbeba. Mnaponiona nimekaa miezi hii simtazami usoni, msidhani nilizaliwa simpendi.

Nipeni nafasi kidogo.

Haya. Vita vilipoanza vilituletea watu kwanza. Walikimbia Kismayo kila mji ulipobadilisha wenyewe, na Nuha alikuja katika hao, msichana ameshika dele la kahawa mkononi, vingine vyote vimebaki. Tuliwapokea. Nikagawa maji kwa kata, kila nyumba na kata zake, nikalaaniwa na kila nyumba, na kisima kikahimili. Kisha wakaja wenye bunduki. Wakachukua nyavu, wakang'oa mashine za mashua, wakavua dhahabu masikioni mwa mabinti, wakawapiga wazee waliouliza. Tukayavumilia hayo pia. Nataka mlishike hili, kwa sababu nawasikia hapa kambini mkiwahadithia watu kwamba bunduki ndizo zilizotutoa Chovai. Sivyo. Bunduki zilikuja zikaondoka, zikaja tena, na sisi tukawako. Kilichotutoa ni kiu.

Siku yenyewe sikuwepo. Nilikuwa nimevuka kwenda Koyama kumwosha maiti, shangazi yetu, na niliacha kuti limelala, kwa kuwa bamvua lilikuwa limepanda na maji nilishayasikia yanageuka. Nilimwambia Fumo. Nilimwambia kwa kinywa changu, mguu mmoja umo ndani ya mtumbwi, "Fumo, limelala mpaka nirudi." Akaniambia, "Haya, dada."

Wakaja wale watu wa bunduki kutoka upande wa Burgao, ambako walikuwa wamejazana hawana maji. Walikuja na mapipa, na pampu waliyoing'oa kwenye mashamba ya ndizi ya mto Juba. Wakakiona kisima na kuti lake. Na hapa tegeni masikio: hawakulivuka. Watu wenye bunduki, waliokwisha kuvuka milango ya nyumba zetu zote, walisimama mbele ya kuti kavu la mnazi wakauliza mwenyewe nani. Labda walidhani ni uganga. Sijui. Fumo akajitokeza. Mashua yake ilikuwa ufukweni, ndiyo pekee iliyobaki na mashine yake kisiwani, na walikuwa wameshaifunga kamba wakitaka kuivuta. Wakapatana. Wao wamwachie mashua, yeye awaondolee kuti.

Akaliondoa. Kwa mkono wake, akaliegemeza ukutani vilevile mama alivyokuwa akiliegemeza, kisha akaketi kwenye ngazi ya juu.

Pampu peke yake, kwa siku ile moja, huenda kisima kingaliinuka nayo. Lakini watu wetu walitoka majumbani wakaona kuti limesimama na mtu wa nyumba yetu amekaa penye ngazi. Wangejuaje? Wakasema, Mwanalima amefungua. Wakasema, bila shaka maji ni tele, ndiyo maana hata hawa wanapewa. Wakaleta mitungi, wakaleta madebe, wakaleta masufuria ya arusi, kila mmoja akijaza akiba ya kwenda nayo kujificha nje ya mji, huko Darakasi, na ngazi ilipojaa watu wakashusha ndoo kwa kamba, maana mpira wa pampu umo ndani tayari, ndoo itadhuru nini? Mji mzima ulikimaliza kisima ukidhani unanitii mimi. Wanawake wale walifundishwa na mama yangu na mimi kuliheshimu kuti, na kwa heshima hiyohiyo wakachota mpaka mwisho. Siku ile hakuna aliyekosa adabu isipokuwa huyu.

Niliporudi nilishuka nikaonja, na ilikuwa kama kulamba ubao wa ngalawa. Nikadhani nimekosea, nikaonja tena. Nilipopanda nikawakuta watu wamesimama wananitazama, na Barke, mama yake Athmani, akaniuliza, "Bibi, umetufungulia maji gani?" Aliniuliza mimi. Hata leo, nikilala, sauti yake naisikia.

Birika la msikiti lilikuwa limepasuka tangu walipolipiga risasi kwa mchezo. Watoto wakaanza kuharisha, wengine tukawazika, na wazee wakasema tuhame. Tukahama kwa nini? Kwa mashua ya Fumo. Alivusha watu mpaka Kiunga, upande wa Kenya, akarudi, akavusha tena, hakumtoza mtu kitu, na watu wakambusu mikono. Hata mimi nilimbusu. Niliuliza kuhusu kuti, akalia, akasema walimlazimisha, nikamfuta machozi kwa ncha ya leso hii. Nikapanda mashua ile na kata ya mama nimeifunga kiunoni, nikamshukuru Mungu kwa kunipa ndugu, na sikujua kwamba mbao nilizokalia zilinunuliwa kwa kisima.

Habari za mapatano nilikuja kuzipata hapa kambini, kwa Barke, aliyekuwa karibu akasikia. Nilipomkabili Fumo hakukana. Aliapa jambo moja tu, kwamba alishuka akaonja kabla ya kuliondoa, na hakusikia chumvi. Alisema ulimi wake umekufa kwa tumbaku. Alisema, "Dada, nilidhani hofu yako imezidi, nilidhani yatatosha." Na mimi nikamwamini, jamani. Nikamwambia umekosea, ndugu yangu, kukosea ni kwa watu wote, nikaendelea kumpelekea wali wake.

Abdulrahman, usiniinamishie uso. Najua unalotaka kusema, ulishaniambia: "Mama, mjomba alituokoa." Alituokoa, ndiyo. Mtu akikuchomea nyumba kisha akakutoa kwa mlango wa uani, mshukuru kwa kukutoa, lakini usiwakataze watu kuuliza moto ulianzaje.

Sasa nitawaambia jambo mtakalonicheka. Tangu mwaka jana nimekuwa nikitia chumvi katika mtungi wetu wa kunywa. Punje chache tu. Nilikuwa natafuta ulimi wa kuukabidhi kata kabla sijafa. Wewe Abdulrahman ulikunywa ukacheua ukamshukuru Mungu. Hafswa alisema maji ya leo baridi. Nuha ndiye aliyeshusha kikombe, akaumwaga mtungi wote, akausugua kwa majivu, akaja kuniambia taratibu, "Mama, mtungi huu umeingia kitu." Nikapunguza chumvi, akasikia tena. Nikapunguza mpaka mimi niliyeitia nikawa naitafuta, naye akaisikia. Nikaanza kumfundisha pasipo kumwambia kwamba namfundisha, naye akidhani bibi kizee ana wasiwasi na mtungi wake.

Kisha siku moja Fumo akapita akitoka msikitini, ana kiu, akachota kabla sijamzuia. Akagusa kwa midomo tu. Akakiweka kikombe chini. Akasema, "Dada, nani ametia chumvi humu?"

Nilimtazama. Akanitazama. Akajua amesema nini.

Ulimi wake haukufa, wanangu. Haukufa hata chembe. Siku ile ya Chovai alishuka, akaonja, akaisikia chumvi inapanda, akapanda ngazi, akaliondoa kuti akijua. Akakaa pale akiwatazama kina Barke wakijaza mitungi ya watoto wao. Hili pafu linaniuma, lakini si kwa kadiri ya hilo. Lau angaliniambia, dada, nilijua na nikachagua mashua, ningalimpiga kwa fimbo kisha ningalilia naye, kwa kuwa mashua ilikuwa roho za watu. Lakini aliniacha nimfute machozi. Aliniacha nimhurumie kwa ulimi uliokufa.

Hafswa, maji... hapana, bado. Nitakunywa mwisho.

Tuje kwenye la sasa, ndilo nililowaitia. Kambi inafungwa. Watu wa msaada wanasema wanaotaka warudi visiwani, na mashua zitaondoka baada ya Idi. Na Chovai patatiwa mashine ya dizeli pale kisimani, na mabomba, na tangi la juu. Yule kijana wa mradi simlaumu, ni kijana mzuri, alikaa hapo mlangoni akanieleza habari ya maji matamu kulala juu ya chumvi kama nilivyowaeleza mimi, hata bora, kwa maji na mafuta ndani ya gilasi. Aliuliza swali alilopaswa kuuliza: mwenye kisima ni nani, na je, anasema kimepona, kinahimili mashine? Wakamwonesha Fumo, mimi nikiwa nimelazwa hospitali. Na Fumo akasema, "Mwenyewe ni mimi, kimepona, kinahimili." Mradi wote umesimama juu ya neno hilo. Ameshaahidiwa kufanywa mzee wa mji. Na wewe Abdulrahman umeahidiwa kuwa fundi wa mashine, umeshaanza kuvaa ovaroli ndani ya nyumba.

Mkiitia mashine ile leo, kisima hakitafufuka tena maishani mwenu, na kisiwa kisicho na maji si cha mtu, ni cha ndege. Mtakimbia mara ya pili, na mara hiyo hamtakuwa na wa kumsingizia.

Nuha, chini ya kitanda pana chupa imefungwa kitambaa. Itoe. Athmani ameniletea juzi. Alikwenda kuvua kamba wale wa kwenye miamba, huko kwetu, akapita Chovai kwa kuwa nilimwomba, wakati wa maji mafu, bahari imetulia, akashuka ngazi pasipo kishindo, akachota juujuu kwa kiganja. Ananiambia vichaka vimeota mpaka ngazi ya pili na ndege wanateremka kunywa. Mwaka jana pia aliniletea, na yale yalikuwa bahari tupu. Haya nimeyaonja. Nuha naye nilimwonjesha asijue ya wapi. Sitawaambia tulichosikia, kwa sababu mtasema ni maneno ya mgonjwa na mkwewe.

Mmiminie mjomba wako kwenye kata ya mama. Hiyo hapo.

Shika, Fumo. Unaukumbuka mpini wake. Mbele ya wanangu, onja. Ukisema yamepona, sitapinga, wallahi sitapinga, watapanda mashua pamoja nawe na mashine yako, na mimi nitakufa nimenyamaza. Nakupa neno la mwisho mimi niliyekuwa nalo. Macho yangu hayaoni vizuri lakini masikio yangu mazima. Usinitazame mimi. Onja.

...

Mmesikia?

Ametema.

Hata hakuwahi kusema. Amefungua kinywa aseme yamepona, na maji yametangulia kutoka. Nini? Anasema yamempalia? Haya, Fumo, yamekupalia. Futa ndevu zako. Abdulrahman, umeona mwenyewe kwa macho yako, sikukuhadithia.

Basi chumvi imo. Lakini chini ya chumvi ile nimesikia kitu nakijua tangu utotoni, na Nuha amekisikia, na huyu amekisikia kuliko sote. Kisima kinapona. Kinapona kwa kuwa sisi hatupo. Nilipolijua hilo niliona uchungu, mtu hapendi kusikia kwamba nyumbani kwake kunapata afya yeye akiwa hayuko. Lakini ndivyo.

Nisogezeni kidogo. Hivyo.

Sasa niusieni... nishikieni wosia wangu, maneno yanaanza kunikimbia. Kambi ikifungwa rudini, kwenu ni kwenu. Lakini tengenezeni kwanza birika la msikiti, mlipige chokaa, mkinge mvua kwenye mapaa, na mnywe hiyo, wachache wachache, mpaka wengine wawafuate. Abdulrahman, ovaroli yako itafaa sana kwa chokaa. Na kesho, usingoje Idi, nenda kwa yule kijana wa mradi, mwambie uliyoyaona hapa. Mwambie na jina la mjomba wako, usilimumunye. Vichaka vya kisimani msivikate kuni. Choo msichimbe upande ule. Ndoo... ndoo mnajua.

Zamani kuonja na kuliondoa kuti kulikuwa kwa mtu mmoja. Mimi nazitenga kazi hizo. Nuha, kata ni yako, wewe utaonja. Kuti hutaligusa. Hafswa, wewe utaliondoa kuti, na kuonja hutaonja, hata hivyo ulimi huna, mwanangu, usinune. Mmoja akinunuliwa, mwingine abaki. Na asije mtu akamwambia Nuha si Mbajuni. Maji yamemkubali.

Fumo. Njoo karibu. Jeneza langu shika, sikukatazi, wewe ni ndugu yangu, nani mwingine atashika mbele? Haki yangu mimi nimekuachia. Machozi niliyokufuta, wali niliokupelekea, nimekuachia vyote. Lakini wale watoto tuliowazika si wangu niwaachilie, na kisima si changu. Hayo utakwenda kuyaomba kwa wenyewe. Sina zaidi.

Nipeni hiyo chupa. Hiyohiyo. Hafswa, usininyang'anye, chumvi gani itakayoniua leo? Nuha, nitilie kwenye kata. Kidogo. Juujuu.

...

Naam.

Ndicho chenyewe.

Mungu awape mvua, wanangu. Awape na moyo wa kuingoja. Awafiche na watu wabaya, na... na wenu pia. Nilalisheni, nielekezeni kibla. Nuha, ulipoyaonja ulisikia nini? Sema kwa sauti, nami nikusikie.

Eh. Bado.

Bado kidogo. Kiacheni kisima kilale.